Babu Yangu Hakupiga Gitaa

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpishi wa kambi ya wachimba shaba, Likasi, kule Kongo. Alisonga ugali wa watu mia tatu kwa mwiko uliomfika kifuani, akastaafu na mgongo uliopinda, akafa. Gitaa hakuwahi kulishika. Angelishika, nadhani angelichochea moto nalo. Naanza na ukweli huu ili msomaji awe nao mkononi, maana huko mbele atanikuta nimesimama mbele ya watu wenye akili zao nikisema kinyume chake, tena bila kupepesa jicho.

Mimi ni Ezéchiel. Kazi yangu ni ulinzi: nafungua na kufunga geti la maegesho ya ofisi moja Braamfontein, na kuwaambia wenye magari "sharp, boss", yaani poa bosi, hata wale wasio mabosi wa mtu yeyote. Tunaishi Jeppestown, chumba na nusu: mimi, mke wangu Mamie anayesuka nywele, na binti yetu Murielle aliye mwaka wa pili chuo kikuu. Lakini ukiniuliza mimi ni nani hasa, nitakwambia ni mpiga gitaa. Nilijifunza kwa wazee wa mtaa wetu Likasi, kwa kidole gumba na cha shahada tu, kama tunavyopiga Katanga. Gumba linatembea chini, shahada inaimba juu, vidole vingine vinakaa kutazama.

Hennie nilimpata kwa sababu ya ufa. Gitaa langu lilipasuka shingo, nikaelekezwa kwenye karakana ya hapo mtaani, karibu na reli, kwa fundi wa Kizungu, Kaburu wa miaka sabini na sita, ndevu zimegeuka manjano kwa sigara. Nilikwenda nimejikaza, kwa sababu mwili wangu una desturi ya kujikaza mbele ya Kaburu mzee. Akalishika gitaa, akaligonga mgongoni, akasikiliza, kisha akaniambia nipige kitu kabla hajaligusa. Nikapiga. Akavuta stuli karibu, akalikodolea macho gumba langu kama daktari anayetafuta jipu. Shingo ile ilipopona, tayari nilikuwa nakwenda kwake kila Jumamosi, na nilikuwa namwita Oom Hennie, yaani mjomba, kama vijana wa kwao wanavyowaita wazee wao, naye jina langu akalifupisha kuwa Zeke.

Tuliongea Kiingereza cha kuokoteza, yeye kwa lafudhi yake na mimi kwa yangu. Alikuwa mtu wa blues. Siku moja nilimwuliza hiyo blues ni kitu gani hasa, akafikiri, akasema, "Ni zaburi iliyopotea njia, Zeke, ikakutana na watu wanaotoka kazini."

Hakuwa anatania. Alinieleza kwamba alipokuwa mtoto, wanaume wa hosteli za wafanyakazi wa migodi walikuwa wakipita mtaani Jumapili, wanatembea huku wanapiga gitaa, na yeye akiwafuata nyuma mpaka mama yake amkamate na kumchapa. Gumba lake alilipata kwao. Sauti ya juu aliitoa kanisani, kwenye zaburi za bibi yake, zile ndefu zinazokokotwa. "Cha kwangu ni pale katikati tu," alisema. "Si kikubwa, lakini ni changu."

Wimbo aliojivunia kuliko nyimbo zake zote hauna maneno. Aliutunga mwaka wa sabini na tisa, mkewe Elna alipojifungua mtoto asiyepumua. Elna hakutamka neno majuma sita. Hennie alikaa jikoni kila siku akiutafuta ule wimbo kwenye nyuzi, hadi asubuhi moja akamsikia mkewe, kule chumbani, akiufuatisha huku amefumba mdomo. Akauita kwa jina lake, Elna. Akautoa kwenye santuri, nakala mia tatu, ambazo nyingi zilizeekea chini ya kitanda. Elna alifariki miaka minne iliyopita.

Wimbo huo alinifundisha kwa Jumamosi nane. Siku ya mwisho, nilipoumaliza bila kukwama, alisema, "Sina mtoto. Uchukue wewe. Ukiupiga mahali, unitaje tu."

Nikamwahidi. Na kwetu ahadi ya namna hiyo si jambo dogo. Aliyewahi kusikiliza muziki wa Kongo anajua tunavyotaja majina ya watu katikati ya wimbo; tunaita kutupa libanga, yaani kutupa jiwe. Siku hizi mawe wanatupiwa wenye suti na magari. Lakini wazee wa Likasi walinifundisha kwamba jiwe la kwanza ni la mtu aliyekutia wimbo vidoleni. Wengine wote wasubiri zamu.

Murielle alikuwa anasoma somo la historia ya muziki kwa mhadhiri mmoja Mtanzania, mtu wa Tanga, Mwalimu Othmani. Akamwambia baba yake anapiga gitaa la Katanga. Mwalimu akafurahi, akaniita darasani kwake siku ya Alhamisi mchana. Nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikavaa suti ya harusi yangu, ambayo sasa inafunga kwa kubembelezwa.

Niliketi nyuma nikasikiliza. Mwalimu Othmani aliwaeleza kwamba huko kusini mwa Marekani, watu weusi na weupe walikuwa wakipokezana muziki bila kukoma. Banjo lilitoka Afrika likaishia mikononi mwa wazungu wa milimani. Fidla ilitoka Ulaya ikaishia mikononi mwa watumwa waliowapigia mabwana ngoma za kuchezea. Nyimbo za kanisani zilikwenda na kurudi hadi hakuna aliyejua za nani. Kisha wakaja wafanyabiashara wa santuri wakaligawa kabati sehemu mbili, huku santuri za weusi, huku za weupe, wakati wapigaji wenyewe walikuwa wanajua nyimbo zilezile. Nikamfikiria Hennie. Nikajisemea, huyu mwalimu na Hennie wangekunywa kahawa pamoja.

Hapo kijana mmoja akasimama. "Mwalimu, unasema walipokezana. Nani alirudi nyumbani na jina lake kwenye santuri, na nani alirudi shambani kuchuma pamba?"

Ukumbi ukalipuka makofi. Nami nilipiga. Yule kijana alisema kweli, na mwalimu alisema kweli, na kweli hizo mbili ziliachwa zimekaa pale mbele kama wageni wasiosalimiana. Joto hilo halijapoa, nikaitwa nipige.

Nilipiga wimbo wa Elna. Nilikuwa na nyimbo za kwetu za kutosha, lakini ule ndio ambao vidole vyangu vilikuwa vinaupenda mwaka huo, na nilikuwa nimeutembeza Kikatanga hadi ukawa na mwendo mwingine. Nilipomaliza zilipanda kelele. Murielle alikuwa mstari wa kwanza. Mtoto huyu ambaye kwa miaka miwili alikuwa ananiomba nisimsubiri getini nikiwa na sare ya ulinzi, alikuwa ananitazama huku machozi yanamlenga.

"Kaka Ezéchiel, hongera sana," alisema Mwalimu Othmani kwa Kiswahili chake kile cha kupigwa pasi. "Hebu tuambie, wimbo huu umeupata kwa nani?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema Hennie. Naapa. Nikawatazama wale vijana, nikaona jinsi nyuso zao zitakavyobadilika nikisema nimeupata kwa Kaburu wa Jeppestown. Nikamwona Murielle.

"Kwa babu yangu," nikasema kwa Kiingereza, wote wasikie. "Mzee Kasongo, mpigaji wa kambi ya Likasi. Naye aliupata kwa baba yake."

Hakuna aliyeniuliza habari za baba yake. Uongo ukishapewa kiti huagiza na chai. Wakaniomba nirudie, nikarudia, na pale pa kutupa jina nikapaaza sauti, "Kasongo wa Likasi, eeh!" Wakaitikia ukumbi mzima. Simu zilikuwa juu zinarekodi.

Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu. Mtu angenitazama angedhani nina furaha, na kwa kweli, Mungu anisamehe, nilikuwa nayo. Wiki ile Murielle alikuwa anakuja kuketi nami jikoni na daftari. Babu alianza lini? Gitaa alilipata wapi? Nikampa gitaa la kopo la mafuta na waya wa breki ya baiskeli. Nikampa na msimamizi Mbelgiji aliyelivunja kwa buti. Aliandika yote. Mamie alikuwa anakunja nywele za bandia pembeni, anatusikiliza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya lami, na watu wakaniongezea taa za barabarani. Majuma mawili baadaye mpenzi mmoja wa santuri za zamani aliiona video waliyoirusha wanafunzi, akautambua wimbo, akabandika mtandaoni picha ya jalada: Hennie kijana, nywele zimefunika masikio, jina lake kwa herufi kubwa. Hakuhitaji kusema mengi; watu walimalizia wenyewe. Kumbe Kaburu huyu alikwenda akauchukua wimbo wa wachimba madini wa Kongo, akautia jina la mkewe! Waliotazama walikuwa elfu tano, kisha elfu arobaini. Klabu ya kaskazini mwa jiji ambako Hennie alikuwa anapiga kila Jumapili kwa miaka kumi na moja ikamwambia apumzike kwanza. Mlango wa karakana ukapakwa rangi nyekundu, neno moja la Kizulu, *isela*. Mwizi.

Nililiona neno hilo asubuhi nikienda kazini. Hennie alikuwa amepiga magoti anasugua kwa brashi na ndoo ya maji, mgongo ameuelekeza barabarani. Nikavuka upande wa pili. Nilipofika kwenye robot, yaani taa za kuongozea magari, nilisimama kama nasubiri taa ya kijani, ikawaka, ikazima, ikawaka tena, na mimi nipo palepale. Kisha nikaenda kazini kufungua geti. Jumamosi ile sikwenda kwake, wala iliyofuata.

Jumapili ya pili Mamie alisubiri Murielle atoke.

"Papa Murielle, babu yako alipigaka gitare siku gani?"

Nikalichukua gitaa, nikaanza kulikaza nyuzi.

"Mi niko mke yako miaka makumi mbili na mbili. Ile wimbo nimeisikiaka kwa mlango ya mzungu yako wakati nakupelekeaka chakula. Yeye alikupokea, alikufundisha, leo batu banamuita mwizi, na weye unakula tu, unalala tu?"

"Nitasemaje, Mama Murielle? Mtoto ameshaandika."

"Mutoto atafuta. Eish! Unaogopa mutoto asikuone muongo, kumbe weye hauogope kuwa muongo."

Jumamosi nilikwenda.

Kwenye mlango neno lilikuwa limebaki rangi ya waridi. Hennie alikuwa anapika kahawa. Aliponiona aliweka kikombe chini haraka, nikajiandaa kutukanwa. Nilikuwa nalihitaji lile tusi, nilitembea nalo njia nzima nikilisubiri.

"Zeke," alisema, "afadhali umekuja. Nimekuwa nataka kukuomba radhi."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Nimefikiri sana," aliendelea. "Wale wanaume wa hosteli niliwafuata miaka minne, wiki baada ya wiki. Migodi ya hapa ilileta watu wa kila mahali, Nyasa, Rhodesia, Msumbiji. Kwa nini asiwepo mmoja wa Katanga aliyekuwa na wimbo wa babu yako? Niliusikia, nikausahau, ukalala kichwani. Nilipouhitaji ukaamka, nami nikadhani nimeuzaa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa sisi. Tulichukua hata bila kujua tunachukua."

"Oom Hennie, hapana. Nilidanganya." Niliyasema yote kwa pumzi moja: mpishi, mwiko, ukumbi, uso wa binti yangu. "Babu yangu hakupiga gitaa. Wimbo ni wako. Ni wa Elna."

Akatabasamu, tabasamu la upole ambalo sitaki kuliona tena maishani.

"Wewe ni mtu mwema," alisema. "Elna alikuwa hivyo pia. Angeona mtu ameanguka, angesema sakafu ndiyo mbaya."

"Sikufariji! Nakwambia ukweli!"

"Zeke. Nilikusikia kwenye ile video. Mtu hapazi sauti namna ile kwa jina la uongo."

Nililia. Yeye akadhani nalia kwa kumhurumia, akanisukumia kikombe. Akasema jambo moja tu linalomuuma, kwamba alimshika Elna mkono siku ya mwisho akamwambia, wimbo wako nitaupiga mpaka nife, na kumbe haukuwa wa Elna wala wake. Alisema anashukuru Elna hayupo kusikia. Nikamwambia nitakwenda chuoni niseme mbele ya wote. Akakunja uso.

"Usithubutu. Watasema Kaburu amemtuma mlinzi mweusi amsafishie jina. Na watakuwa na haki ya kufikiri hivyo, tumeshafanya mabaya kuliko hayo. Mimi nimemwandikia yule mwalimu wako barua. Nimeomba radhi kwa ukoo wa Kasongo. Atawasomea Alhamisi."

Alhamisi nilikuwa pale kabla ya wanafunzi. Nilitaka kumwahi Mwalimu Othmani mlangoni, lakini aliingia akiwa amezungukwa na vijana, akanishika bega, akasema, "Kaka, ni vizuri umekuja mwenyewe, leo ni siku yako," akanipeleka mbele. Nikasema, "Mwalimu, naomba dakika mbili." Akasema, "Utapewa hata kumi," akaanza kusoma.

Barua ilikuwa fupi. Hennie alikuwa ameandika kama mtu anayepima mbao, kila neno mara mbili. Alisema hakumbuki kuuiba wimbo na kwamba kutokumbuka si utetezi. Alisema jina la mkewe liondolewe. Mwalimu alipofika kwenye jina la Kasongo akavua miwani. Watu wakasimama kupiga makofi, polepole, kama kanisani. Hawakuwa na dhihaka hata chembe. Laiti wangekuwa nayo.

Nikasimama.

"Barua hiyo si ya kweli," nikasema. "Kila neno Hennie analiamini, lakini si kweli, kwa sababu yangu. Wimbo aliutunga yeye, mwaka wa sabini na tisa, jikoni kwake. Alinifundisha Jumamosi nane. Babu yangu alikuwa mpishi. Nilisema uongo hapa, mbele yenu, kwa sababu niliona haya kusema nimefundishwa na Kaburu, na kwa sababu mlinipigia makofi."

Hakuna aliyezomea. Nilikuwa nimejiandaa kwa zomeazomea. Yule kijana aliyeuliza habari za pamba aliinamisha kichwa. Mwalimu Othmani alinisogelea, akashusha sauti, "Kaka yangu, kama kuna mtu amekufuata nyumbani, chuo kina mawakili. Usiogope."

"Hakuna aliyenifuata, Mwalimu. Mimi ndiye niliyemfuata."

"Kibali chako cha kuishi hapa, kipo salama?"

Nikamtafuta Murielle. Alikuwa amesimama mstari wa kwanza, daftari amelikumbatia kifuani, analia waziwazi. Nikafikiri, huyu ananijua. Huyu amekulia kwenye vidole vyangu, anajua nikidanganya na nisipodanganya. Nikamwambia kwa Kiswahili, yeye peke yake, ingawa ukumbi mzima ulikuwa unasikia, "Mwanangu, lile kopo la mafuta nililitunga. Na yule Mbelgiji pia. Nisamehe."

Akaja akanishika mikono yote miwili.

"Papa," aliuliza, "nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Amekuambia atakufanya nini?"

"Hakuna, Murielle. Hakuna mtu." Nilisema tena, na mara ya tatu, kwa sauti kubwa zaidi, na kila niliposema nilimwona anazidi kunionea huruma.